Bwana Shamba na Ulimi wa Ng'ombe

Sifa ni zake Mungu, aliyeuvika mlima theluji na mabonde nyasi, na ambaye katika uzee wangu ameniachia kumbukumbu ya kutosha kuwataja watu walionifaa. Ninamshukuru kwa mvua, kwa magoti ambayo bado yanakubali kukunjwa kwa sala, na kwa Bwana Shamba wetu wa Endarasha, ambaye habari zake nimezibeba miaka mingi bila kuziandika.

Jina lake silitaji, na hata sisi tuliokaa naye hatukulitumia. Alikuwa Bwana Shamba, basi. Alitoka upande wa pili wa mlima, Meru, na kwa kuwa Kigikuyu chake kilitufanya tucheke, alizungumza nasi Kiswahili, nasi tukamjibu kwa Kiswahili chetu kibovu. Ilikuwa ni ile miaka ya mwanzo baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yalipokuwa yamekatwa na sisi tukagawiwa vipande. Wengi tulipanda viazi na kabichi. Yeye alikuja na jambo ambalo hatukuwahi kulisikia: tupande nyasi, si kwa ajili ya ng'ombe, bali kwa ajili ya mbegu yake.

"Mbegu ya nyasi?" aliuliza Cucu wa Kona, yaani Bibi wa Kona, mjane aliyekuwa na kipande pale barabara inapopinda. "Na nyasi inaota yenyewe hata ukiikataza?"

"Hiyo inaota yenyewe ni ya mbuzi yako, Cucu," akasema Bwana Shamba. "Mimi niko na ya ng'ombe wa maziwa."

Nyasi yenyewe ilikuwa setaria, ndefu, yenye suke kama mkia wa paka. Watu watano tulikubali, mimi na Cucu tukiwamo. Vipande vyetu vilipakana, na changu kilikuwa katikati. Ofisi ya mbegu ilituandikisha kama shamba moja. Maana yake Bwana Shamba alitueleza siku ya kwanza, akarudia ya pili na ya tatu: mkaguzi akija na kukuta magugu mabaya kwa mmoja, wote watano wanaanguka. Nyasi yote ingekatwa iwe chakula cha ng'ombe, na Endarasha isingeandikishwa tena kupanda mbegu. Tuliitikia kwa vichwa kama watu walioelewa.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mwendo wa korongo. Aliinua mguu juu sana kabla ya kuukanyaga chini, kwa sababu maisha yake yote alikuwa ametembea ndani ya mimea ya watu bila kuivunja. Hata katika barabara ya lami mjini Nyeri alitembea hivyo, na watoto wa mtaa wa Majengo walimfuata nyuma wakimwiga. Aligeuka siku moja akawaambia, "Vizuri, lakini mguu wa kushoto inueni zaidi." Wakaona haya wakatawanyika.

Mfukoni mwake mwa koti hamkukosa jivu. Tulidhani ni dawa ya kienyeji, kumbe lilikuwa la kupimia upepo. Kabla ya kunyunyiza dawa ya magugu alilitoa konzi moja, akaliacha lidondoke kutoka usawa wa kiuno. Likishuka wima, alivaa pampu mgongoni. Likienda upande, hata kidogo, aliketi chini na kuomba chai. Upepo wa milima ya Nyandarua ni mkaidi, na kuna wiki alikunywa chai kwangu siku nne mfululizo bila kunyunyiza hatua moja. Mke wangu alisema huyu hajaajiriwa na serikali, ameajiriwa na majani chai. Lakini yeye alinyoosha kidole kwenye viazi vya jirani ng'ambo ya ua na kusema, "Dawa hii inaua jani pana na inaacha nyasi. Haiulizi kama hilo jani pana ni la magugu ama ni la kiazi cha mtu."

Alikuwa na pampu mbili. Moja aliipaka rangi nyekundu, ya dawa ya magugu tu. Nyingine ilikuwa ya kupiga ugonjwa wa viazi. Hakuziweka chumba kimoja. Jirani yetu mmoja aliwahi kuiazima ile nyekundu, akaiosha mara tatu kwa maji ya mto, akanyunyizia viazi vyake dawa ya baridi, ule ugonjwa unaooza majani. Baada ya siku chache majani ya viazi yalijikunja kama mikono ya mtu anayeota moto. Bwana Shamba hakumgombeza. Alikwenda akasimama naye katikati ya viazi, wakitazama. Kisha akasema, "Umeiosha vizuri. Ila inakumbuka," akampa mbegu ya viazi kutoka shamba lake mwenyewe. Jirani yule hakuazima pampu tena hadi anakufa, Mungu amrehemu.

Jambo lililotuchekesha zaidi ni kwamba mtu huyu, aliyewinda majani mapana mchana kutwa, jioni aliyala. Alipenda terere na managu, yaani mchicha wa porini na mnavu, kuliko nyama. Nyuma ya nyumba yake ya serikali alikuwa na kitalu chake, ameyapanda kwa mistari na kuyamwagilia. Nilimkuta siku moja akiyapalilia, anang'oa nyasi.

"Bwana Shamba, leo umegeuka," nikamwambia.

"Kila kitu na mahali pake, Mwinjilisti. Hapa setaria ndiyo gugu."

Mwinjilisti nilikuwa mimi. Nilikuwa kijana bado, nimetoka kusomea Neno kwa miaka miwili, na nilihubiri katika kanisa letu la mabati Jumapili ambazo mchungaji alikuwa kwenye makanisa mengine. Bwana Shamba alikuja kanisani kwa nadra na kwa kuchelewa. Aliacha gambuti zake nje ya mlango, akaketi kiti cha mwisho akiwa na soksi tu. Nilipomwuliza kwa nini haji mapema, alisema asubuhi ya Jumapili upepo hulala kuliko siku zote, na hajui kama ni dhambi. Nilimwambia ni dhambi. Akasema ataomba msamaha, lakini ataomba baada ya kumaliza kunyunyiza. Ninamwogopa Mungu na sisemi alifanya vyema. Ninasema tu kwamba sikuwahi kumsikia akisema uongo, nami niliyekuwa mimbarani kila mwezi siwezi kusema hivyo juu yangu.

Sasa nieleze kosa langu.

Msimu wa kwanza wa setaria nilihubiri juu ya ule mfano wa Bwana wetu kuhusu mkulima ambaye adui alimpandia magugu katikati ya ngano. Watumishi walitaka kuyang'oa, naye akawakataza, akawaambia waviache vyote vikue pamoja hadi mavuno. Nilihubiri vizuri. Najua nilihubiri vizuri kwa sababu nilisifiwa, na sifa ile iliingia kichwani ikakaa. Juma hilohilo Bwana Shamba alikuja na pampu nyekundu. Setaria ilikuwa imeshachipua matawi, magugu yalikuwa bado madogo, majani manne au matano, na jivu lilishuka wima. Alinyunyiza kwa Cucu na kwa wale wengine watatu. Alipofika kwangu nilimzuia.

"Mimi nitaacha vikue pamoja," nikamwambia. "Wakati wa mavuno nitatenganisha. Ndivyo Bwana alivyofundisha."

Aliitua pampu. Hakucheka, na nilitamani angecheka.

"Huyo mkulima alikuwa anavuna chakula," akasema. "Chakula unachagua ukiwa umeketi. Mbegu ikitoka hapa imetoka. Itaenda kuota kwa shamba ya mtu ambaye hata hujui jina lake. Angekuwa anavuna mbegu, Mwinjilisti, angeng'oa."

"Unajua kuliko Neno?"

"Sijui Neno. Najua ungo. Kuna magugu ungo haiwezi kutenganisha."

Tulibishana hadi jua likawa kali na upepo ukaanza. Mwishowe nilisema nitalishughulikia shamba langu kwa mkono, mwenyewe. Nililisema hilo ili aondoke tu. Naye, kwa kuwa hakuwa msema uongo, aliniamini. Wiki hiyo alipelekwa Nyeri kwa mafunzo, akakaa huko hadi setaria ikanifika kifuani.

Nyasi ikiwa ndefu hivyo, shamba huonekana safi kutoka barabarani. Nilipita nikitazama masuke yakianza kuchungulia, nikajisifu. Bwana Shamba alirudi siku ya Ijumaa, akaja moja kwa moja hata kabla ya kwenda kwake. Aliingia katika nyasi yangu kwa ule mwendo wake wa korongo, akapotea humo. Alipotoka alishika mkononi gugu moja zima, na mzizi wake wa manjano, mrefu kama mkono wa mtoto. Tuliliita ulimi wa ng'ombe kwa sababu ya jani lake. Lilikuwa tayari limebeba mbegu, kahawia, zenye pembe tatu. Alizifikicha kiganjani, kando yake akaweka mbegu ya setaria kutoka mfukoni, akanionyesha. Ukubwa ulikuwa mmoja.

"Tenganisha," akaniambia.

Nilizipekua kwa kidole, zikachanganyika zaidi.

"Ziko ngapi ndani?" nikauliza.

"Niliacha kuhesabu."

Nilimwomba alete pampu nyekundu. Akatikisa kichwa. "Nyasi imeshika mimba. Ukiipiga dawa sasa, itazaa maganda matupu. Wakati wake ulipita nikiwa Nyeri, na kabla ya Nyeri nilikuwa hapa na pampu mgongoni." Kisha akaniambia lile lililonitoa jasho: mkaguzi wa mbegu anakuja Alhamisi.

Cucu wa Kona alisikia kabla ya jua kuzama. Alikuja na fimbo yake hadi mlangoni kwangu. Alikuwa amepanda setaria katika kipande chake chote, hata pale pa viazi. "Mwinjilisti," akasema, "ati umeacha magugu kwa sababu ya Biblia? Mimi Biblia yangu ni ileile yako na mimi nilikubali pampu." Alipoona mke wangu anafuta machozi, akalegeza sauti. "Usilie, mama. Wewe si gugu. Ni huyu bwana yako tu, na yeye bado anaweza kupaliliwa."

Jumapili ilifuata. Nilikuwa zamu ya kuhubiri. Nilipanda mimbarani nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona: Bwana Shamba ameketi kiti cha mbele kabisa, mapema, na soksi zake zenye tundu. Nilidhani amekuja kunishtaki. Wakati wa matangazo alisimama, akaomba ruhusa.

"Mimi si mtu wa kuongea kanisani," akasema. "Shamba ya mbegu iko na shida. Shida ni yangu, mimi nilienda Nyeri bila kuangalia mara ya pili. Nimekuja kuomba mikono. Kesho asubuhi, mvua ikiwa imelainisha udongo. Mtu avue viatu, aje na gunia na kijiti chenye ncha. Basi."

Akaketi. Hakunitazama. Nilisimama pale juu nikiwa na karatasi yangu ya mahubiri mkononi, na ninakiri mbele ya wasomaji kwamba kwa pumzi kadhaa nilitaka kuiacha ile ibaki kuwa shida yake. Kisha nikaikunja karatasi. Nikawaambia watu kwamba shamba lenye magugu ni langu, kwamba niliambiwa nikakataa, na kwamba ule mfano wa Bwana wetu ulikuwa wa watu, mimi nikaufanya wa nyasi kwa kiburi. Kisha Cucu, kutoka upande wa akina mama, akasema, "Amina. Sasa tuimbe twende nyumbani tunoe vijiti."

Mungu alileta mvua usiku ule. Asubuhi walikuja watu zaidi ya thelathini. Bwana Shamba alitupanga mstari mmoja, bega kwa bega, miguu mitupu, kwa sababu mguu mtupu huhisi shina nene la ulimi wa ng'ombe kabla jicho halijaliona. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita mwenzake. Ukiona gugu, unaliinamishia gunia kwanza ili mbegu zisimwagike, unakata kichwa chake ndani ya gunia, kisha unachimba mzizi wote. Ukikatika mzizi, unarudi nyuma kuutafuta, na mstari mzima unakungoja. Mstari uliningoja mimi mara nyingi.

"Mwinjilisti," alisema kijana mmoja wa kwaya, "hii ni ngano ama ni gugu?"

"Muulize kama ameokoka," akajibu mwingine.

Nilicheka nao. Kicheko kile kilikuwa cha huruma, na nilikihitaji.

Karibu na adhuhuri akina mama wakagundua jambo. Chini ya setaria kulikuwa na terere na managu tele, laini, zilizokua kivulini. Wakamwuliza Bwana Shamba kama zinaweza kuliwa. Aliinuka, akajishika kiuno, na nikaona uso wake unafunguka.

"Kwa hao wengine wanne hapana, kulinyunyizwa," akasema. "Hapa kwa Mwinjilisti chukueni zote. Hii ndiyo shamba peke yake haikuguswa na dawa."

"Kumbe alikuwa anatulimia mboga," akasema Cucu, tayari akijaza kiondo. Siku tatu zile za kung'oa nadhani hakuna nyumba Endarasha ambayo haikula mboga za uasi wangu. Magunia ya ulimi wa ng'ombe tuliyachoma, na Bwana Shamba alisimama akilinda moto hadi jivu likapoa. Kisha akajaza mfuko wake wa koti.

Alhamisi mkaguzi alikuja, mtu nadhifu mwenye tai na ubao wa kuandikia. Sisi watano tulisimama ukingoni, tumevaa kama watu wa harusi. Alitembea kwa Cucu, akaandika. Alitembea kwa wale wengine, akaandika. Aliingia kwangu, Bwana Shamba akimfuata nyuma, na mimi nikawa ninaomba bila kufumba macho. Alipita juu, akapita kati, akashuka hadi karibu na mtaro, akageuka kurudi. Nilianza kupumua. Ndipo nikamsikia Bwana Shamba akisema, kwa sauti yake ya kawaida:

"Mkaguzi. Umepita moja."

Akainama, akasukuma nyasi kando kwa mikono miwili. Pale chini palikuwa na ulimi wa ng'ombe.

"Huyu ametuuza," Cucu akanong'ona.

Mkaguzi alitazama gugu, akamtazama Bwana Shamba. "Wewe uko upande wa nani?"

"Wa yule atapanda hii mbegu."

Mkaguzi aligeuza karatasi mpya kwenye ubao wake. Kisha akaanza upya kipande changu chote, hatua kwa hatua. Alipata mengine mawili, yote katika ukanda uleule wa chini kando ya mtaro, ambao tulikuwa tumeupita jioni ya siku ya mwisho tukiwa tumechoka. Kwingine hakupata kitu. Alichora mstari kwenye karatasi yake, akasema kwamba kwa kuwa magugu yote yako mahali pamoja, na la kwanza ameonyeshwa na sisi wenyewe, hatatuangusha wote. Ukanda ule wa mtaro ukatwe leo hii, uwe nyasi ya ng'ombe. Sehemu iliyobaki, na vipande vyote vya wenzangu, ni mbegu.

Cucu alimwendea Bwana Shamba, akamshika sikio kama mtoto, akamwambia, "Siku ingine ukitaka kuniua, tumia ile pampu yako nyekundu." Kisha akamkaribisha kwa chakula. Mimi nilichukua panga nikakata ukanda wangu mwenyewe, na kwa kweli sikusikia uchungu. Nilisikia wepesi. Tulipanda mbegu Endarasha misimu mingi baada ya ule, na kila msimu niliita pampu nyekundu mapema, jivu lilipokubali.

Alihamishwa baadaye, kama wanavyohamishwa. Barua ziliandikwa, zikapungua. Nikapata wajukuu, nikawa mzee wa kanisa, na siku moja si miaka mingi sana iliyopita nikasikia kwamba anaishi Tetu, kwa binti yake aliyeolewa huko kwenye majani chai. Nilikwenda na kiondo cha terere.

Nilimkuta ameketi kibarazani, amefunikwa blanketi, macho yameingia ukungu. Nilibisha hodi.

"Inua mguu," akasema kabla sijataja jina. "Nasikia unaburuza. Ni Mwinjilisti?"

Tulipeana habari za miaka yote. Nilimpa kiondo, akakiweka mapajani, na vidole vyake vikaanza kazi vyenyewe, kupekua jani kwa jani. Katikati akatoa moja, akaliweka kando. Lilikuwa jani la gugu la kishona nguo ambalo mke wangu, mwenye macho mazima, hakuliona.

Nilipoaga, niliona kando ya ngazi, pale maji ya bomba yanapodondoka, gugu kubwa limesimama. Jani pana, shina nene, mbegu za kahawia zenye pembe tatu. Nilidhani hajui kwa sababu ya macho. Nikainama nimng'olee.

"Hapana," akasema. "Achilia."

"Bwana Shamba, ni ulimi wa ng'ombe."

"Najua. Kila asubuhi mguu wangu unaugusa. Binti yangu alitaka kuung'oa nikamkataza." Akavuta blanketi. "Mimi sivuni mbegu tena, Mwinjilisti. Sasa naweza kungoja kama yule mkulima wako. Mwenye shamba akija atatenganisha."

Niliketi tena kibarazani. Tuliomba pamoja, yeye akiwa na soksi, na mara hii hakuchelewa.

Wewe unayesoma haya, Mungu akupe macho ya kuona kilicho kidogo kingali kidogo, na rafiki wa kukwambia umepita moja. Shamba lako lipate mikono siku utakapokosea. Na mavuno yakifika, Mungu akukute mahali pako. Amina.